Jibu: Wanawake kuachwa nje ya kamati ya chama cha kahawa

Habari, dada. Umeeleza kwamba katika chama chenu huko Kasese akina mama ndio wengi mashambani, lakini kila uchaguzi jina la mwanamke likipendekezwa linakataliwa kwa kuwa "si mwanachama".

Kabla ya kutafuta wagombea, fungueni daftari la wanachama. Kwetu Sironko tulikuta karibu kila kaya imeandikishwa kwa jina la mume, na stakabadhi za mizani zinafuata jina hilohilo, hivi kwamba mama aliyechuma, akamenya na kuanika kahawa alikuwa, kwa karatasi, hajauza hata kilo moja. Masharti yetu yalimtaka mgombea awe na hisa na awe ameuza msimu uliopita. Mimi nilimwomba mume wangu mistari miwili ya mibuni. Alicheka, kisha akanipa ile ya ukingoni mwa mtaro, nikanunua hisa yangu na kuuza kwa jina langu.

Baadaye pendekezeni viti vitengwe katika masharti ya chama. Katiba ya Uganda ya 1995 inawatengea wanawake theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa; haikibani chama chenu, lakini kwetu hoja hiyo iliwanyamazisha wazee kadhaa.

Saa ya mkutano nayo muiangalie, kwani wa jioni hutukuta jikoni. Na mkipewa uhazini, msiupokee iwapo kitabu cha hundi kinabaki kwa mwenyekiti.