Kinachouma ni goti, si cherehani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Dar es Salaam, kifungua mimba wa watoto wanne. Mama yetu yuko Korogwe, ana miaka 66. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatusomesha kwa cherehani: kile cheusi cha Butterfly chenye maua ya rangi ya dhahabu, cha kukanyaga kwa miguu. Mpaka leo anawashonea watu sare za shule na magauni ya vitenge, ila magoti yanamsumbua. Akiinuka anashika ukuta, na mjukuu ndiye anayemtungia uzi.

Tumechanga pesa tumnunulie cherehani kipya, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mdogo wangu wa Arusha anataka cha kiwandani, cha umeme, kama alichokiona kwa fundi wake. Mdogo wetu wa kike aliyeko Maskati anasema atatuma cha kompyuta kinachodarizi chenyewe, ili mama apumzike. Mimi naona tununue Butterfly kipya kama kile kile, maana ndicho anachokijua, na umeme wa Luku utammaliza. Huyu wa Arusha amesema pia kile cha zamani kiuzwe, pesa iongezee. Nilipompigia mama kumdokezea alinyamaza, halafu akasema: "Msijisumbue. Cherehani changu hakijaniambia kimechoka." Tangu siku hiyo kwenye kundi la familia hatusalimiani vizuri. Tumnunulie kipi?

Mwana wa Korogwe

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ule ukimya wa mama kwenye simu. Ninyi mnaendelea kubishana, kumbe yeye alikwisha kuwajibu. Hakusema hataki zawadi. Alisema cherehani chake hakijachoka. Kilichochoka umekitaja mwenyewe: magoti yake na macho yake. Anzeni hapo.

Lakini kwanza hili la kuuza. Kile cherehani kisiuzwe. Si chenu. Kimelipa ada zenu, kimenunua madaftari yenu, na kimekaa na mama usiku ambao ninyi mlikuwa mmelala. Mwambie mdogo wako kwa upole, lakini mwambie leo, kabla hajampata mnunuzi. Siku mama akitaka kiondoke, atakiondoa yeye.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mama yangu naye alikuwa mshonaji. Nilipoanza kupata pesa nilimnunulia cherehani cha umeme chenye mishono zaidi ya ishirini, bila kumwuliza, nikitaka ashtuke kwa furaha. Alinishukuru mpaka akalia. Akakiweka sebuleni, akakifunika kwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Mwaka mzima baadaye nikaenda bila taarifa, nikamkuta ameinamia kile cha zamani. Nilimsihi aniambie ukweli. Akasema, "Kile kinakimbia mno, mwanangu, nakiogopa. Nikigusa tu kimeshafika mwisho wa kitambaa." Sikuumia kwa ajili ya pesa. Niliumia kwamba alikaa na hofu hiyo mwaka mzima, akiificha ili asinivunje moyo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna hata mmoja wenu anayeketi kwenye kile kiti kutwa nzima.

Cherehani cha kiwandani anachokitaka wa Arusha ni kizuri kwa karakana yenye oda nyingi. Kinaweza kupiga mishono 4,000 hadi 5,000 kwa dakika. Kinashona mstari ulionyooka tu, zigizaga hakina. Kina meza yake nzito, na hata sindano zake ni nyingine: shina lake ni la mviringo, wakati zile alizozihifadhi mama kwenye kopo lake zina upande mmoja bapa, na haziingiliani. Ukimpelekea mama wa miaka 66 mashine ya kasi hiyo, ni kama unamwambia aanze kiwanda. Hakuomba kiwanda.

Cha Maskati umeme wake hautasumbua, maana Oman wanatumia volti 240 na plagi yenye pini tatu bapa kama yetu. (Wenye ndugu Marekani mwe waangalifu: kule ni volti 120, na mashine ya huko ukiichomeka huku moja kwa moja mota inaungua.) Shida yake ni nyingine. Kudarizi kwa kompyuta kunataka michoro ya kupakia kwenye mashine, fremu za kukazia kitambaa, uzi wake maalumu, na fundi wa kuifungua ikigoma. Huyo fundi atatoka wapi? Isitoshe, mama anashona sare na vitenge. Popote kwenye barua yako hukusema kwamba yeye hudarizi. Na hilo neno "apumzike" mdogo wako alifikirie upya. Mama ana wateja wanaobisha hodi kwake, ana pesa yake mkononi, haombi mtu hela ya chumvi. Pumziko la namna hiyo linaweza kumnyang'anya vitu hivyo vyote.

Sasa wewe. Wazo lako linampenda mama kuliko yote matatu, ila linarudia maumivu yale yale. Butterfly kipya cha kukanyaga kitamkanyagisha kwa magoti yale yale. Chuma chake kitang'aa, na yeye bado ataendelea kushika ukuta.

Kuna njia ambayo hamkuitaja, na mimi ndiyo ninayoipenda. Vile vichwa vyeusi vya Butterfly, kama vile vya Singer vya zamani, vingi vina tundu lenye nati nyuma ya nguzo, karibu na gurudumu la mkono. Hapo hufungwa mota ndogo ya umeme yenye mkanda wake na pedali yake. Ni kitu cha kawaida kwa mafundi wanaotengeneza vyerehani. Uliza Kariakoo kwa wauza vipuri vya vyerehani. Cherehani kinabaki kile kile, sauti yake ile ile, mkono wake unakijua kila kona. Kinachobadilika ni miguu: badala ya magoti mawili kupanda na kushuka kutwa, unyayo mmoja unabonyeza kidogo tu. Umeme ukikatika, anarudisha ule mkanda wa ngozi na kumalizia mshono wake kwa kukanyaga.

Mwite fundi nyumbani, usikibebe cherehani kwenye basi. Asafishe vumbi la nyuzi chini ya bati, atie mafuta ya cherehani, siyo ya kupikia, aangalie kama chuma hakichezi, ndipo afunge mota. Akimaliza, simama hapo mtazame jambo moja: gurudumu lizunguke kuja upande wa mama. Likizunguka kinyume, uzi utajisokota chini na atalaumu umri wake bure. Kile kikanyagio kikubwa cha chuma kitiliwe kabari ya mbao kisicheze, pedali ikae juu yake au pembeni, pale mguu wake unapofika bila kunyoosha goti.

Na asianze na kitenge cha mteja. Toa uzi kabisa, mpe karatasi ya daftari yenye mistari, ashone juu ya mistari bila uzi, pole pole, mpaka mguu uzoee kubonyeza kidogo. Siku mbili tatu hivi. Laiti mama yangu angefanyiwa hivyo. Nilimwachia boksi na kitabu cha maelezo cha Kiingereza, nikapanda gari nikarudi mjini.

Kuhusu Luku, ondoa hofu. Mota hizo nyingi ni za wati 100 hivi. Ishone saa kumi mfululizo ndipo imalize uniti moja. Pasi ya wati 1,000 anayonyooshea hizo sare inamaliza uniti hiyo kwa saa moja.

Macho nayo yasisahaulike, maana ninyi mmehesabu miguu peke yake. Mjukuu akienda shule, nani anatunga uzi? Mnunulieni taa ndogo ya kubandika karibu na sindano, na kile kidude cha waya mwembamba cha kuvutia uzi, ambacho bei yake haizidi nauli ya daladala mara chache. Akate uzi kwa mshazari, aweke karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, atauona. Akapimwe macho pia. Huenda ni miwani tu inayomchelewesha. Na magoti yatazamwe na daktari. Mota haitibu goti, inalipunguzia kazi tu.

Yote haya ni mawazo yangu, mtu wa mbali ambaye sijakiona hicho cherehani. Kwa hiyo usinunue hata mota kabla hujafika Korogwe. Na ukifika usimwulize, "Mama, unataka cherehani gani?" Mama wa aina yake atakujibu msijisumbue, na ndivyo atakavyojibu kila mara. Nenda na suruali yako iliyoachia pindo. Mwombe akushonee, kisha kaa kwenye kigoda karibu naye asubuhi nzima, unyamaze. Hesabu anainuka mara ngapi. Tazama ni mguu upi anaupumzisha, wapi anasogeza uso karibu na sindano, kama kiti chake kina mgongo. Baadaye, mkinywa chai, mwulize, "Siku hizi kwenye kushona ni kitu gani kinakushinda, mama?" Hapo atazungumza, maana unamwuliza kuhusu kazi yake, humwulizi kuhusu pesa zenu.

Inawezekana akakushangaza. Inawezekana aseme, kile kizee kimekula meno, nataka kipya cha umeme. Basi mnunulieni cha nyumbani kilicho rahisi: mshono ulionyooka, zigizaga, matundu ya vifungo, kidude cha kutungia uzi, na hasa swichi ya kupunguza kasi ili hata akibonyeza pedali mpaka chini kisikimbie. Aende dukani yeye mwenyewe, na mfuko wake wa vipande: kitenge, kitambaa cha sare, jinzi iliyokunjwa mara nne. Ashone vyote mbele ya muuzaji kwa sindano inayofaa, namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Muuzaji akinuna, tokeni mwende duka la pili. Na hata hapo, cheusi kinabaki nyumbani.

Pesa mliyochanga itabaki, nina hakika. Msiigawane. Wa Maskati alipie macho na miwani, naye atakuwa ametuma kitu kitakachovaliwa kila siku. Wa Arusha, kwa kuwa anajuana na fundi, apewe kazi ya kuuliza mota na kumlipa fundi. Atajisikia vizuri kuliko kushindwa mabishano. Wewe nunua kiti: cha mgongo ulionyooka, urefu wa kuinuka bila kushika ukuta. Kitakachosalia mpeni mama anunue jora la kitambaa cha sare kabla shule hazijafunguliwa Januari, akate mwenyewe, auze kwa bei yake.

Nenda wikendi hii kama unaweza. Ukirudi niandikie, uniambie ni goti la upande gani.

Shangazi yako