Huyo mtoto hapigwi, anatafutwa chawa

Mtoa mada, umeuliza kama yule mtoto aliyelaza kichwa mapajani mwa mama yake kwenye picha ya mchoraji Mholanzi Pieter de Hooch anaadhibiwa, na picha nzima ina maana gani. Hapigwi ndugu yangu, anatafutwa chawa.

Nimekuwa msusi miaka 14, na picha yenyewe nimeiona kwa macho kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, nilipokwenda kumtembelea dada. Ni ndogo, upana kama sentimita 60 hivi, ikabidi nisogee. Tazama vidole vya mama vinavyogawa nywele, na macho yalivyoganda kwenye ngozi ya kichwa. Mtu anayechapa hatazami hivyo. Mtoto naye katulia, shingo imelegea. Marehemu mama yangu alikuwa akinilaza vivyo hivyo barazani baada ya chakula cha mchana, na mpaka leo nikishikwa kichwa nasinzia.

De Hooch aliichora karibu na mwaka 1660, na imezoeleka kwa jina la Wajibu wa Mama. Wachambuzi wengi huisoma kama funzo la malezi, na wana sababu: kwa Waholanzi wa zama zile kitana cha kutolea chawa kiliashiria pia kutakasa tabia. Mwandishi wao mmoja, Roemer Visscher, alichapisha mwaka 1614 mchoro wa kitana wenye maneno ya Kilatini, Purgat et ornat, yaani husafisha na kupamba. Sipingi. Ila ukiishia kwenye funzo utaupita utulivu wa chumba kile, na mimi naamini utulivu huo ndio aliouchora.

Walipokaa mama na mtoto pana kiza kidogo. Kitanda kimejengwa ukutani, na pembeni kuna kiti cha choo cha mtoto (aliyelea anajua kazi iliyobaki baada ya chawa). Chumba cha nyuma, jua limeingia mpaka sakafuni. Kambwa kadogo kametupa mgongo, kanatazama huko kwenye mwanga.

Ukiipata mtandaoni, ikuze. Anza na mikono, kisha fuata anakotazama mbwa, mpaka kule kwenye jua. Halafu rudi kwa mama. Mchana wote ule unamwita nje, na yeye hajainua kichwa.