Macho mekundu ya shemeji

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ujerumani wameruhusu watu kupanda bangi nyumbani. Je, na sisi turuhusu?" Nilijibu hapana palepale, kwa mdomo, mke wangu akacheka kuniona nabishana na simu. Lakini swali limenikaa kooni, na nikiri mapema kwamba nitakalojibu si hasa hilo la mashina. Mimi ni mtu wa barabarani. Nilikuwa konda wa Costa miaka kumi na moja kabla ya kufungua duka la spea hapa Tabora, na nikisikia neno bangi, kinachonijia kichwani ni trafiki.

Ilikuwa mwezi wa pili, 2012. Watu wa Urambo na Kaliua wanajua huo ni mwezi gani: tumbaku inavunwa, mabani, yale matanuru ya kukaushia jani, yanawaka usiku na mchana. Dereva wetu alikuwa shemeji yangu, mwenye ekari mbili za tumbaku kwao, na bani lake lilikuwa siku ya nne. Moto wa bani haulali. Ukizubaa usiku mmoja, jani linaharibika na msimu umekwenda. Basi alikesha mdomoni mwa tanuru akisukuma magogo, alfajiri akanawa uso, akaja kushika usukani. Macho kama pilipili iliyoiva. Vidole vyeusi, vinanata ule utomvu wa jani bichi ambao hata usugue kwa mchanga hautoki.

Kwenye kizuizi kimoja njiani afande akamtazama, akaleta kipima ulevi. Shemeji akapuliza. Sifuri. Akapuliza tena. Sifuri. "Basi kama si pombe, ni msuba," akasema afande. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu pombe ina mstari wake kisheria, umezidi au hujazidi. Kwa bangi afande alikuwa na pua yake tu. Akavinusa vile vidole kimoja kimoja.

"Hii nini?"

"Tumbaku, afande."

"Tumbaku hainati hivi."

Mtu gani wa Tabora hajui kwamba tumbaku inanata? (Alikuwa mgeni, nadhani. Lafudhi yake ilikuwa ya pwani.) Akamwambia asimame kwa mguu mmoja, kwenye tope, na gambuti zake. Akayumba. Wewe usingeyumba? Kisha akampa chupa ya maji ya nusu lita akakojoe nyuma ya kibanda. Ile chupa ikawekwa dirishani, juani. Abiria wakashuka, wakakaa chini ya mwembe, na mimi nikabaki naitazama chupa mpaka saa nane mchana. Nzi walikuwa wanatua kwenye kizibo, wanaruka, wanatua tena. Hakuna aliyeandika jina juu yake. Kama pangekuwa na chupa ya pili pale, nani angejua ipi ya nani?

Aliyetuokoa ni abiria wetu, mayu (mama wa kwetu) mmoja mwenye kuku kwenye tenga. Alisogea dirishani akasema, "Mwanangu, huyu jana usiku nimemwona kwa macho yangu anachochea bani. Kakae pale wewe usiku mmoja, kesho mama yako hatakujua." Watu wakacheka, afande naye akacheka. Akatuandikia tairi kipara, na kweli lilikuwa kipara, tukaondoka. Chupa ikabaki dirishani.

Mbele kidogo shemeji akaniambia kwa sauti ya chini, "Ule mkojo ungefika kwa Mkemia Mkuu, nilikuwa nimekwisha." Jumamosi, msibani, alivuta msokoto mmoja na wenzake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Bangi si kama pombe. Kiini chake hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Mvutaji wa kila siku mkojo unaweza kumsema hata wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana hao Wajerumani, walioruhusu mashina matatu kwa mtu mzima na gramu 25 mfukoni, mwaka huohuo wa 2024 waliwawekea madereva kikomo cha kiini hicho katika damu, nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu, yaani maji ya damu. Australia ndiko kwenye kituko. Canberra, mji mkuu wao, unaruhusiwa mashina mawili nyumbani tangu 2020, lakini ukipimwa mate barabarani ikaonekana ipo, basi, umekosa, hata kama usukani umeushika sawasawa.

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kugeuka niseme ruhusuni, tatizo ni vipimo. Lakini niwaeleze na jioni ya siku ileile. Saa kumi na moja gari lilianza kuvuta kushoto taratibu, kama linaloegeshwa. Nikamgeukia shemeji: macho yamefumba kabisa. Tukaingia mtaroni, gari likalala upande, kuku wa mayu wakatawanyika porini. Hakuna aliyeumia. Bangi ya Jumamosi haikuhusika. Zilikuwa zile usiku nne za tanuru, na usingizi hauonekani kwenye pumzi wala kwenye chupa. Afande alikosea ugonjwa, mgonjwa hakumkosea. Na mimi nilijua tangu alfajiri kwamba hajalala. Nikanyamaza, kwa sababu tajiri mwenye gari alikuwa anasubiri hesabu yake.

Kwa hiyo jibu langu bado ni hapana, ila si ile hapana niliyoanza nayo. Msiruhusu mashina kabla hamjapata namna ya kumpima dereva kama anaweza kuendesha sasa hivi, na mkiipata, apimwe na aliyekesha. Lakini pia hiki kifungo cha kulima, kinachofika miaka 30, sijui mnakipimaje kwa mwenye shamba na kwa mwenye shina moja.

Yule mayu, miaka kadhaa baadaye, nilipita kwake kununua jogoo. Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na mashina mawili, marefu kunizidi. Akaniona ninavyotazama, akasema ni dawa ya kideri, ule ugonjwa wa kuku. Nikamlipa hela yake, nikafunga jogoo miguu, nikaondoka.