Taa za ndege zikipepesa, usishike roho mkononi

Kazi yangu ni umeme wa ndege, na kila nikirudi nyumbani Malindi naulizwa lile lile: mbona taa zilizimika kabla hatujaruka? Wa mwisho alikuwa shangazi yangu, aliyetoka Nairobi akivuta tasbihi njia nzima.

Ndege ikiwa imeegeshwa hupata umeme kwa mtambo wa uwanjani, au kwa injini ndogo ya mkiani ikiwa inayo. Injini kubwa zikiwaka, jenereta zake hupokea kazi ya kutoa umeme. Kule kupokezana ndiko kunakopepesa taa, kama hoteli zetu stima inapopotea na jenereta ikashika. Hapo hakuna hatari.

Kwenye ndege nyingi kubwa, kila injini ina jenereta yake ya volti 115. Moja ikifa, nyingine hubeba, na mfumo wenyewe hukata kwanza jiko la chai na video za abiria. Kwa hivyo skrini ya kiti chako ikizima, huenda umeme umepelekwa kwa rubani, unakohitajika zaidi. Zikifa zote, betri hushika skrini za kapteni, redio na vyombo vya akiba vya mwendo, kimo na mwinamo. Airbus A320 pia huchomoza panga dogo linalozungushwa na upepo, nguvu yake ikaendesha jenereta ya dharura. Boeing 737 haina panga hilo, hutegemea betri.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 15 Januari 2009, New York. Mabata bukini waliziua injini zote mbili za A320. Kapteni Chesley Sullenberger akawasha injini ya mkiani mara moja, bila kungoja orodha ya dharura imfikishe hapo. Umeme ukabaki, na kompyuta zikaendelea kuilinda ndege isiinue pua kupita kiasi hadi ilipotua mtoni Hudson. Watu wote 155 walitoka hai. Kila nikikagua jenereta ya mkiani namkumbuka.

Basi ukiketi, hesabu safu za viti hadi mlango ulio karibu. Taa za kutokea zina umeme wake wa akiba, lakini moshi huzificha. Ukiingiwa na hofu, muulize mhudumu. Ni haki yako. Na pawabenki iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la mzigo: betri ya lithiamu ikishika moto huko chini, hakuna mhudumu wa kuifikia.