Simu yangu haitoki mkononi, lakini anajua kila ninachoandika

Shangazi, shikamoo. Mume wangu hunipiga. Siku hizi ananirudishia maneno niliyomwandikia dada yangu WhatsApp, neno kwa neno, na simu haijatoka mkononi mwangu. Juzi nilipita kwa rafiki yangu. Kufika nyumbani akanitajia hadi muda niliokaa. Nifute kila kitu? Nibadilishe nywila? Nakuandikia kwa simu ya jirani.
Mama wa wawili

Marahaba, mwanangu. Kutumia simu ya jirani umefanya jambo la maana sana. Endelea hivyo hivyo, na kwenye yako usibadilishe chochote kwanza.

Najua mkono unakuwasha. Mimi niliishi nyumba kama hiyo. Nilibadilisha nywila ya barua pepe saa nane usiku, nimejifungia bafuni, maji nimeyaachia yatiririke asisikie. Kumbe akaunti alinifungulia yeye, na anwani ya kuirejesha ilikuwa yake. Taarifa ya mabadiliko ilimfikia kabla sijarudi kitandani. Kulipokucha nilimkuta jikoni, simu mkononi, ananisubiri. Sitaki yakukute.

Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Akiipata simu yako dakika moja tu, umelala au unaoga, anaskani msimbo na kompyuta yake inapokea ujumbe wako wote, hata simu ikiwa imezimwa. Google Maps nayo inaweza kumwonyesha mtu mwingine ulipo. Ukikiondoa kifaa chake leo, kinatoka papo hapo, naye atajua ni wewe. Na kama ameweka programu ya kupeleleza, hata kuingia kutazama anakuona.

Kufuta kila kitu, hapana. Simu iliyokuwa imejaa ikibaki tupu ghafla, ataanza maswali. Mwandikie dada yako yale yale ya kila siku, homa ya mtoto, daftari za shule. Ya kuondoka mzungumze kwa simu ya jirani, na umwombe jirani asimwambie mtu. Hapo hapo fungua barua pepe mpya, nywila isiyo na jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa, anwani ya kuirejesha iwe ya dada yako. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Usiifungue kamwe kwenye simu yako. Picha za majeraha pia zipigwe kwa simu ya jirani, zihifadhiwe kwa dada. Siku ya kwenda kwa wakili au polisi, simu yako ibaki nyumbani.

Akikuinulia mkono kabla mipango haijakamilika, sahau haya yote, piga polisi kwa simu yoyote iliyo karibu.

Wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa, kwa hiyo dada yako ajue siku na saa, na mkishafika salama ndipo ukate kila alichounganisha. Tableti ya watoto, hata wakiililia, iacheni mezani.