Usivute kipoza cha prosesa ya Ryzen kabla hujakipasha moto

Mkuu, weka hiyo bisibisi chini kwanza. Nimesoma ulivyouliza: uko Lindi, kompyuta yako ina prosesa (ubongo wa mashine) ya AMD Ryzen 5 3600 na kipoza chake cha kiwandani, lile bonge la chuma lenye feni juu yake, umeagiza kipoza kikubwa kutoka Kariakoo kinafika na basi kesho, na unataka kujua feni tatu zinachomekwa wapi, zitazame upande gani na pesti, ule urojo wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, upake kiasi gani. Hayo yote yanasubiri. Kilichonitoa usingizini ni huyo aliyekujibu hapo juu, eti cha zamani kikigoma kutoka, "kishike vizuri uvute kwa nguvu, mimi nimeng'oa vingi." Tafadhali usimsikilize.

Vingi vya mashine gani? Kama ni Intel, namwamini kabisa kwamba hakupata shida. Kwenye Intel za miaka yote hii prosesa inabanwa kwa juu na fremu ya chuma, na pini ziko kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Ukivuta, kipoza kinakuja, prosesa inabaki. Ryzen yako ni ya soketi (kikalio cha prosesa kwenye mazabodi) aina ya AM4. Pini 1,331 ziko tumboni mwa prosesa yenyewe, na kinachoishika ni soketi kuziminya hizo pini pale unapolaza kile kijiti cha chuma cha pembeni. Juu yake hakuna kinachoibana zaidi ya kipoza chenyewe. Na pesti iliyopakwa kiwandani ikishakaa miaka, inashika kama ulimbo. Ukivuta wima, prosesa inachomoka na kipoza huku kijiti bado kimelala. AMD wenyewe walihamishia pini kwenye mazabodi walipotoa AM5 mwaka 2022, lakini ya kwako ni ya kabla ya hapo.

Mimi nina steshenari hapa Mtwara mjini na mashine yangu ilikuwa hiyo hiyo 3600. Katikati ya msimu wa korosho, watu wa vyama vya msingi wanaingia na orodha za wakulima, wanafunzi nao wana fomu zao, feni ikaanza kunguruma na mashine kupanda joto. Nikaita fundi. Anasifiwa mjini, ila kazi zake ni za maofisini, na huko ni Intel tupu. Akafungua skrubu nne, akashika kipoza, kikagoma. Nikamuuliza, hakuna namna nyingine? Akanijibu, "Bosi, nishikie kasha." Nikashika, akavuta. Ukatoka mlio mmoja mkavu, na kipoza kikaja na prosesa imeganda chini yake.

Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika. Zilikuwa zimelala pini chache za pembeni, na pini iliyolala inanyooshwa taratibu kwa ncha ya wembe. Yeye akachukua kisu, akakipenyeza kati ya prosesa na kipoza, akabandua. Pini za kona moja zikakatika. Iliyokatika hainyooshwi! Kuja kuwasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Akafunga begi lake akasema, "Hii prosesa ilikuwa imeshachoka."

Prosesa iliyochapa kazi asubuhi ile ile. Kauli hiyo inaniuma kuliko hela niliyotoa kununua nyingine, na hela yenyewe ilikuwa ya karatasi na wino wa msimu. Fundi kutojua aina fulani ya mashine si kosa, aseme tu. Kuiharibu halafu ukaisingizia mbele ya mwenye mali, hapana.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yatakupita: pasha, sokota, ndipo uinue.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, washa mashine uipe kazi nzito, gemu au kubadilisha fomati ya video, dakika 10 hadi 15, prosesa ifike nyuzi 60 au 70. Usiniambie Lindi joto lipo la kutosha. Chumba chenye nyuzi 32 hakilegezi pesti iliyokauka, kinachoilegeza ni joto la prosesa. Zima, chomoa waya wa ukutani, chomoa na kile kiwaya cha feni kwenye mazabodi. Legeza skrubu kwa kukingamisha, mizunguko michache hii, kisha ya mkabala wake. Bamba la nyuma ya mazabodi linashikiliwa na skrubu hizo hizo, kwa hiyo litaachia. Usilitupe, vipoza vingi vipya vinalihitaji.

Sasa kishike kwa mikono miwili ukisokote kidogo kushoto, kidogo kulia. Usikiinue. Endelea hivyo hivyo mpaka usikie kinateleza chenyewe, ndipo unyanyue. Kikikaza, rudisha skrubu na kiwaya cha feni, washa, pasha tena. Huna haraka yoyote, basi lenyewe linafika kesho.

Ikitokea prosesa imechomoka nacho, kisu kiache jikoni. Azima kikaushia nywele saluni, pasha kipoza, kisha iteleze prosesa kwa pembeni ukiishika kingo, vidole visiguse pini. Wakati wa kuirudisha, inua kijiti kwanza, linganisha ile pembetatu ya dhahabu na alama ya kwenye soketi, iache ikae kwa uzito wake. Ukiona inahitaji kusukumwa, simama, kuna pini imelala.

Feni: ya kipoza iende palipoandikwa CPU_FAN, maana pakiwa patupu mashine inaweza kugoma kuwaka na kuleta onyo. Za kasha ziende SYS_FAN au CHA_FAN, ya mbele iingize hewa, ya nyuma itoe. Upepo unatokea upande wenye mbavu za plastiki.

Nijibu moja leo hii: mashine yako bado inawaka? Kama inawaka, fuata hayo. Kama haiwaki kabisa usifungue kitu, andika hapa, nikuelekeze namna ya kupasha kipoza kwa kikaushia nywele kikiwa bado kwenye mazabodi.