Marree, mji uliohamwa na reli

Swali la wiki hii mmeuliza, "Ni mji gani mdogo uliowahi kuupitia ukakukaa moyoni, na kwa nini?" Mimi wangu uko mbali, uko Australia, unaitwa Marree, na mtanivumilia nikiandika marefu kwa sababu mimi ni mtoto wa reli, nimezaliwa nyumba za reli pale Voi, Kenya, baba yangu alifanya kazi stesheni mpaka akastaafu, kwa hivyo kuna vitu nikiviona siwezi kupita tu.

Nilikuwa nafanya kazi Adelaide, tukapata likizo na wenzangu wawili tukakodisha gari tukaenda kaskazini karibu kilomita 700, huko ndani nyikani ambako unaendesha masaa na hukutani na mtu. Ukifika Marree unaona hoteli kubwa ya mawe ya ghorofa, ya mwaka 1883, nyumba chache za mabati, vumbi, na katikati ya mji stesheni. Stesheni iko, jukwaa la abiria liko, injini za dizeli zimesimama hapo hapo kwenye vipande vya reli, lakini reli yenyewe haiendi popote. Nilisimama pale nikahisi kama niko nyumbani, na sio kwa furaha.

Sasa nieleze kwa nini mji uliwekwa hapo maana hii ndo sehemu iliyonishika. Kule jangwani kuna chemchemi, maji yanatoka chini kabisa ya ardhi, na Waarabana, wenyeji wa asili wenye ardhi yao, walikuwa wakiishi na hizo chemchemi tangu enzi na enzi. Mwaka 1859 mzungu anaitwa John McDouall Stuart alipita na msafara wake, na mmoja wa watu wake, Mjerumani Herrgott, ndo aliyeziona za hapo, pakaitwa Hergott Springs. Baadae vita vya kwanza vya dunia vikaja, majina ya Kijerumani yakawa hayatakiwi, mwaka 1918 wakabadilisha ikawa Marree. Reli ilifika 1884. Na ilifuata chemchemi, kwa sababu injini ya mvuke bila maji haiendi, kwa hivyo walijenga kutoka maji hadi maji, ikafika Oodnadatta 1891, na Alice Springs ikafika 1929.

Lakini kabla ya treni kulikuwa na ngamia, na hapa ndipo mimi nilipokaa sana. Waliowaendesha waliitwa Waafghani wote kwa jumla lakini wengi hawakuwa Waafghani, wengine walitoka Punjab, wengine Sindh, wengine walikuwa Wabulushi. Wabulushi! Hawa hata Mombasa na Unguja tunao, babu zao walikuja kama askari wa masultani wa Oman, kwa hivyo nilipoona jina hilo kule jangwani nilishtuka kabisa. Hao jamaa walibeba kila kitu, unga, sufu, mabati, hata vifaa na chakula cha wajenzi wa reli yenyewe, msafara mmoja unaweza kuwa na ngamia 70, ngamia mkubwa anabeba kama nusu tani. Pale Marree walijenga msikiti wa udongo na paa la makuti, ni kati ya misikiti ya mwanzo kabisa Australia nzima, wakapanda mitende. Ule wa asili ulishaanguka zamani, siku hizi kuna mfano wake umejengwa mjini, mdogo, wazi pande zote, nikasali rakaa mbili pale upepo unapiga, sitasahau.

Na hata hivyo hawakuishi mjini kama wenzao. Reli ilipita katikati, wazungu na hoteli upande mmoja, watu wa ngamia na wenyeji weusi upande wa pili, na huko kwa pili kukaitwa Ghantown, yaani mji wa Waafghani. Sheria za 1901 zilifunga mlango kwa watu wasio wazungu kwa hivyo wengi hawakuweza kuleta wake zao kutoka kwao, wengine wakaoa wanawake wa Kiarabana na makabila mengine ya hapo, na vizazi vyao wapo mpaka leo na majina ya Kiislamu. Yupo mmoja alikuwa maarufu, Bejah Dervish, Mbulushi, mwaka 1896 alikwenda na msafara wa wavumbuzi ulioitwa Calvert kwenye jangwa la magharibi ambako watu wawili walikufa kwa kiu, na kiongozi wao Lawrence Wells alimpa dira yake mwenyewe kwa kumheshimu. Uzeeni alikaa Marree akilima tende. Mtoto wake Jack nae mwaka 1939 alikwenda na mtafiti Cecil Madigan kuvuka jangwa la Simpson kwa ngamia. Yani baba na mtoto wote wameongoza watu jangwani, halafu mjini wanakaa ng'ambo ya reli. Hilo linanikera hata sasa hivi nikiandika.

Treni na malori yakawamaliza watu wa ngamia. Mwaka 1925 jimbo la South Australia likatunga sheria kwamba ngamia anaezurura bila alama ya usajili apigwe risasi, na wengi hawakuweza kukubali mnyama aliyewalisha miaka yote auawe, wakawaachia wakaenda zao jangwani, na hao ndo wamezaana mpaka Australia leo ina ngamia wa mwituni kwa malaki. Treni lenyewe likaja kuitwa The Ghan, inasemwa ni kwa heshima yao.

Marree ikashamiri kwa ng'ombe. Waswagaji waliwatoa Queensland kwa miguu, njia ya Birdsville, kama kilomita 520 za mchanga na mawe, mpaka kwenye mazizi ya reli pale wapakiwe kwenda kuuzwa. Kuna dereva mmoja pia lazima nimtaje, Tom Kruse (sio wa sinema), kuanzia 1936 alipeleka barua na mizigo njia hiyo hiyo kila wiki mbili kwa lori, akikwama kwenye mchanga anatandika mabati chini ya tairi, anasogea, anayatoa, anatandika tena.

Sasa sikilizeni habari ya geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli. Reli ya zamani ilikuwa nyembamba, milimita 1067. Mwaka 1957 wakaleta reli pana ya milimita 1435 kutoka kusini, kwa ajili ya makaa ya mawe ya mgodi wa Leigh Creek, ikaishia Marree. Kwa hivyo kila kitu kilichokuwa kinakwenda Alice Springs lazima kishuke Marree kipande treni nyingine, abiria na mabegi yao, mizigo, barua, na ng'ombe kwa upande wao wakitoka kaskazini. Kazi ilikuwepo usiku na mchana. Mji uliishi kwa sababu reli mbili hazikulingana!

Ila reli nyembamba ilijengwa kwa bei rahisi kwenye mabonde, mvua ikinyesha kule mafuriko yanasomba mataruma na kila kitu, treni inakwama siku na siku, wakati mwingine wiki. Na dizeli zilipoingia miaka ya 50 haja ya kufuata chemchemi ikaisha, dizeli hainywi maji namna ile. Kwa hivyo wakajenga njia mpya magharibi huko kukavu kutoka Tarcoola, ikafunguliwa 1980, na reli nyembamba ikafungwa. Ile pana ya Marree nayo ikafungwa 1987. Bas. Leo mji una watu wachache tu, mwezi wa saba wanafanya mbio za ngamia, wageni wanajaa halafu wanaondoka.

Mnaojua Voi mshaelewa kwa nini hautoki moyoni. 2017 reli mpya ya Kenya, SGR, ilipoanza, geji ile ile ya 1435, stesheni yake iliwekwa nje ya mji, na ile yetu ya zamani ya katikati, ambayo mama zetu walikuwa wanauza chai na mayai dirishani kwa abiria, ikanyamaza.

Nilimtumia baba picha za zile injini. Alizitazama siku nzima, mama ndo aliniambia. Jioni akanipigia, hakuuliza habari ya Australia wala ya safari, aliuliza tu wakati ule ng'ombe wakihamishwa kutoka treni moja kwenda nyingine walikuwa wanapewa maji kwanza au la, na zile injini kama kuna mtu anazipaka mafuta.